TUFUNGE MWAKA KWA HESABU, TUSHEREHEKEE KWA KIASI

Mwezi wa Desemba ukifika, mji wa Kilosa huwa na mambo mawili kwa wakati mmoja. La kwanza ni furaha. Watoto wamefunga shule, ndugu waliokwenda kutafuta kazi mijini wanarudi na mizigo yao, mafundi cherehani hawalali kwa wingi wa nguo, na kila nyumba yafikiria pilau na kuku. La pili ni mvua. Mawingu hutanda juu ya milima ya Rubeho, maji ya mto Mkondoa hubadilika rangi, na wazee hutoka jioni kwenda kuutazama. Mgeni huiona furaha peke yake. Mwenyeji wa Kilosa huyaona yote mawili, na hiyo ndiyo sababu ya makala yetu ya leo.

Katika siku za mwisho za Desemba mwaka 2009, baina ya Krismasi na Mwaka Mpya, mvua kubwa iliyonyesha milimani iliujaza Mkondoa hata ukayabomoa matuta yaliyojengwa kuuzuia. Maji yakaingia mjini na katika vijiji vya kandokando. Maelfu ya wananchi waliupokea mwaka 2010 wakiwa hawana nyumba, wakilala chini ya mahema. Reli ya Kati, ile iliyofika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, ilisombwa na maji mahali pengi kati ya Kilosa na Gulwe, na magari moshi hayakupita kwa muda wa miezi. Watu waliokuwa wamepika juzi hawakuwa hata na sufuria ya kupikia.

Hatuyakumbushi haya kwa kutaka kuwaharibia watu sikukuu. Twayakumbusha kwa kuwa yanatufundisha jambo ambalo twaelekea kulisahau kila Desemba: mto haujui sikukuu. Njaa nayo haijui sikukuu, wala deni. Kalenda inapofika ukingoni, binadamu hudhani kwamba mambo yake yote nayo yamefika mwisho, na kwamba tarehe 1 Januari ataamka mtu mpya katika dunia mpya. Sivyo hata kidogo. Ataamka na ghala lile lile, na deni lile lile, na jirani yule yule aliyekosana naye mwezi wa Agosti. Ikiwa hakuyahesabu kabla ya kucheza ngoma, atayahesabu ngoma ikiisha, na hesabu ya baada ya ngoma daima ni chungu.

Kwa hiyo neno letu ni fupi. Mwaka hufungwa kwa hesabu kwanza, kisha kwa karamu. Na karamu yenyewe iwe na kiasi. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Nasi twasema, hata mwaka bila daftari huisha bila habari.

HESABU YA GHALA

Tuanze na chakula, maana wilaya ya Kilosa ni wilaya ya wakulima. Mahindi ya masika huvunwa katikati ya mwaka. Inapofika Krismasi, gunia limekwisha liwa kwa miezi kadhaa, na mavuno mengine makubwa yangali mbali. Wakati huo huo shamba lataka jembe na mbegu. Yaani sikukuu humjia mkulima katika wakati mgumu kuliko nyakati zote: chakula kinapungua, kazi inaongezeka, na wageni ndio wanaingia.

Tulipokuwa katika vijiji vya upande wa Kimamba tulipata kuzungumza na mzee mmoja mkulima. Tulimwamkia, akatuitikia, akatuonyesha ghala lake. Ukutani alikuwa amepiga mistari ya mkaa, kila mstari gunia moja, na kila gunia lililofunguliwa mstari wake ulikuwa umekatwa. Gunia dogo la pembeni lilikuwa limefungwa kamba nyekundu. Tulipomwuliza sababu ya kamba ile, alijibu: "Wanangu, hilo si chakula, hiyo ni mbegu. Mimi na mama yenu tulikubaliana, hata akija mgeni mkubwa namna gani, kamba hiyo haifunguliwi. Krismasi ni siku moja, tumbo ni kila siku."

Mzee yule hakupata kukaa sana darasani, lakini hesabu yake ni sahihi kuliko ya wengi wetu wenye vyeti. Na tuifanye pamoja naye. Tuseme nyumba ina watu sita, nao hula kilo 2 na nusu za mahindi kwa siku. Kwa mwezi ni kilo 75. Kutoka Desemba hata mavuno mapya, tuseme miezi mitano, ni kilo 375, karibu magunia manne ya kilo 100. Mwenye magunia sita anaweza kuuza moja kwa ajili ya sikukuu na mahitaji ya shule, na bado akabaki na moja la tahadhari. Mwenye magunia manne hana la kuuza, hata kama mfanyabiashara amesimama mlangoni na noti mkononi. Akiliuza Desemba kwa bei ya leo, atalinunua Februari au Machi kwa bei ya wakati huo, na kila mkulima aijua tofauti ya bei hizo mbili.

Habari ya mbegu nayo yataka kufikiriwa mapema. Karibu na mji wa Kilosa kipo kituo cha utafiti wa kilimo cha Ilonga, ambacho kwa miaka mingi kimeshughulika na mahindi, mtama, alizeti na mazao ya jamii ya kunde. Mahindi kama TMV-1 na Staha ni ya aina ambayo mkulima akichagua magunzi mazuri aweza kuweka mbegu yake mwenyewe kwa misimu kadhaa. Lakini mbegu chotara sivyo: ukipanda tena ulichovuna, mazao hupungua, hivyo huna budi kununua mbegu mpya kila msimu. Basi mtu wa mbegu chotara hawezi kufunga kamba nyekundu juu ya gunia. Lazima aifunge juu ya fedha. Fedha ya mbegu itengwe kabla ya fedha ya soda na bia. Asiyeitenga Desemba, asije akamlaumu mwenye duka la pembejeo Februari.

Tena ghala lilindwe. Dumuzi hali likizo. Mahindi yakaushwe vizuri, yapukuchuliwe, yatiwe katika mifuko isiyopitisha hewa na kufungwa barabara, ili wadudu waliomo wafe kwa kukosa hewa. Na kwa wenzetu wakaao kando ya Mkondoa, magunia yawekwe juu ya uchaga, yasiwekwe sakafuni. Kazi hiyo ni ya nusu siku. Walioyaona maji ya mwaka 2009 wanajua thamani ya nusu siku hiyo.

HESABU YA FEDHA

Sasa tumgeukie mfanyakazi. Mara nyingi mshahara wa Desemba hutoka mapema ili watu wapate kusherehekea. Jambo hilo ni jema, lakini lina mtego. Tuseme mtu amelipwa shilingi 300,000 tarehe 20 Desemba, na mshahara mwingine atauona tarehe 25 Januari. Hapo katikati kuna siku 36, si 30. Fedha yake, akiigawa sawasawa, ni kama shilingi 8,300 kwa siku. Lakini ikiwa hata jioni ya tarehe 26 Desemba amekwisha tumia shilingi 184,000, amebakiwa na shilingi 116,000 kwa siku 29, yaani shilingi 4,000 kwa siku, kwa nyumba nzima, na humo humo zimo sare, madaftari na viatu vya shule.

Tangu mwaka 2016 ada imeondolewa katika shule za serikali kuanzia msingi hata kidato cha nne, na mwaka 2022 msamaha huo ukafika kidato cha tano na cha sita. Ni mzigo mkubwa uliotuliwa mabegani mwa wazazi. Lakini sare hazikuondolewa, wala madaftari, na shule hufunguliwa Januari ile ile. Mtoto anayerudishwa nyumbani kwa kukosa viatu hali kitu cha kumfariji katika kumbukumbu ya kuku aliyeliwa Krismasi.

Wapo waliolitambua jambo hili zamani, na wengi wao ni akina mama. Katika miji na vijiji vyetu vimo vikundi vya kuweka na kukopa. Wanachama hukutana kila wiki, hununua hisa, hukopeshana kwa riba wanayokubaliana, na huweka kando mfuko wa jamii kwa ajili ya ugonjwa na misiba. Mwisho wa mwaka kikundi huvunja mzunguko, na kila mmoja hupata akiba yake pamoja na faida. Anayenunua hisa tatu za shilingi 2,000 kila wiki, baada ya wiki 50 ana shilingi 300,000 mbali na faida. Haba na haba hujaza kibaba.

Twawasifu kwa moyo wote. Ila twawaomba walitazame tena jambo moja: wakati wa kuvunja. Vikundi vingi huvunja majuma ya kati ya Desemba, na fedha iliyokusanywa kwa wiki 50 huweza kwisha kwa siku 5. Tulimwuliza mama mmoja mweka hazina, wa kikundi cha Mikumi, wao hufanyaje. Akasema: "Sisi tunagawa mara mbili, kaka. Ya Desemba ni ndogo, ya kula. Ya pili tunaitoa wiki ya kwanza ya Januari, hiyo ni ya watoto na shamba. Mwaka wa kwanza walinung'unika. Mwaka wa pili hakuna aliyenung'unika." Twashauri vikundi vingine viige. Na mwenye kupokea fungu lake agawe mafungu matatu: moja la shule, moja la shamba au biashara, na la tatu ndilo la sikukuu. Hapo atakula bila kujificha.

KARATASI USIYOISOMA

Asiyekuwa na akiba, Desemba hukopa. Kukopa si dhambi. Mkopo wa jembe na mkopo wa matibabu una sababu. Lakini mkopo wa kitenge, wa spika kubwa, na wa kuwaonyesha majirani kwamba nasi tumo, huo wahenga waliusemea walipotaja kukopa harusi kulipa matanga.

Tena mikopo yenyewe siku hizi imekuwa rahisi kuichukua na migumu kuilipa. Wapo wakopeshaji ambao wananchi wenyewe wamewapa jina la kausha damu, na jina hilo halikutoka hewani. Tuseme mtu amekopa shilingi 100,000 tarehe za mwisho wa Desemba kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi, na kila mwezi riba inapandishwa juu ya riba. Mwisho wa Januari anadaiwa 130,000. Mwisho wa Februari, 169,000. Mwisho wa Machi, 219,700. Deni limezidi mara mbili, na kitenge kimekwisha pauka. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 yataka wakopeshaji wawe na leseni, na mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tahadhari juu ya wakopeshaji wasio nayo. Lakini leseni ya mkopeshaji haimwondolei mkopaji wajibu wa kusoma.

Na watu wa Kilosa wana sababu kuliko Watanzania wote ya kuogopa karatasi isiyosomwa. Kaskazini ya mji wao, katika njia iendayo Dumila, kipo Msowero. Hapo, mwishoni mwa Novemba mwaka 1884, Mjerumani Carl Peters alimwendea Mangungo, mtawala wa mahali hapo, na karatasi iliyoandikwa kwa lugha asiyoijua. Peters alisema habari za urafiki. Karatasi ilisema habari za ardhi. Mangungo akatia alama yake. Kwa majuma machache tu Peters alikusanya karatasi za namna hiyo katika Usagara na nchi za jirani, na Februari mwaka 1885 Kaizari wa Ujerumani akatoa hati ya kuzikubali. Msingi mmojawapo wa ukoloni wa Kijerumani katika nchi yetu uliwekwa kwa alama ya mtu aliyedhani anampokea mgeni.

Hatumcheki Mangungo. Yeye hakuwa na shule, wala hakuwa na mtu wa kumsomea, na aliyemdanganya alikuja kwa nia ya kudanganya. Lakini sisi tuna shule, tuna watoto wa sekondari nyumbani, tuna viongozi wa matawi na wa vijiji wanaojua kusoma. Mtu wa leo anayebonyeza neno "nakubali" katika simu yake bila kujua riba ni kiasi gani na akichelewa atafanywa nini, huyo hana udhuru wa Mangungo. Kabla ya kukopa Desemba hii, mwambie mwanao akusomee kwa sauti. Ukisikia jambo usilolielewa, rudisha karatasi.

HESABU YA UGOMVI

Kuna deni lisilo la fedha, nalo ni ugomvi uliobaki wazi. Katika mashamba ya Kilosa, wakulima na wafugaji wameishi pamoja kwa miaka mingi. Ng'ombe hupita, mazao huliwa; mfugo hukatwa panga, hasira hupanda. Shauri moja laahirishwa, la pili laahirishwa, na kila mmoja huuingia mwaka mpya na kinyongo cha mwaka wa zamani.

Tarehe 8 Desemba mwaka 2000, siku moja kabla ya sikukuu ya Uhuru, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni wilayani humu, ugomvi wa wakulima na wafugaji ulizaa mauaji, na watu 38 walipoteza maisha. Waliozikwa walikuwa wazazi wa watu, na waume na wake wa watu. Desemba ile hapakuwa na sikukuu Rudewa. Ugomvi ule haukuanza siku ile, ulikuwa umelimbikizwa.

Ndiyo maana twasema kwamba mwisho wa mwaka ni wakati wa mabaraza kukaa, si wakati wa kuyafunga. Kiongozi wa kijiji mwenye faili la malalamiko ya mipaka, ya njia za mifugo, ya visima vya maji, alifungue kabla ya Krismasi. Lisiloweza kukatwa lipewe tarehe ya kukatwa, na pande zote mbili zijulishwe. Kadhalika katika nyumba zetu: ndugu waliokosana juu ya urithi wa shamba wote watakuwapo nyumbani katika siku hizi chache. Wazee wasiwaache wale pamoja na kuondoka bila kusema. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa udugu hujengwa kwa gharama kubwa.

NJIA YA MIKUMI

Kutoka Kilosa kwenda Mikumi mtu hupita Ulaya, si ile ya ng'ambo bali kijiji chetu chenye jina hilo, na mwisho hufika barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya na mpaka wa Zambia. Barabara hiyo hukata katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964 na yenye eneo la kilomita za mraba 3,230. Kwa mwendo wa kilomita zipatazo 50 tembo, twiga, nyati na swala huivuka lami ile kwenda majini na malishoni, nao hawajui ratiba ya mabasi.

Desemba magari huongezeka. Kila mtu ataka kuwahi kwao. Tangu mwaka 2023 mabasi ya abiria yameruhusiwa tena kusafiri usiku kucha, jambo lililowapunguzia watu adha ya kulala njiani, lakini pia limewaongezea madereva wajibu. Hifadhini matuta yamejengwa na vibao vya kupunguza mwendo vimesimamishwa. Hata hivyo kila mwaka wanyama hugongwa, na mnyama mkubwa anapogongwa hafi peke yake.

Tuifanye hesabu hii nayo. Kilomita 50 kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa ni saa moja. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa ni dakika 37 na nusu. Faida ya haraka yote ni dakika 22 na nusu. Na hasara je? Gari la mwendo wa kilomita 80 hupita mita 22 katika kila sekunde. Dereva akishtuka kwa sekunde moja tu kabla ya kukanyaga breki, tayari amekwisha kwenda mita 22, na nyati yu mbele yake. Abiria anayempigia dereva kelele "kanyaga, tunachelewa" ataka kuuza maisha ya watu wote wa basi kwa dakika 22 na nusu. Kawia ufike, ndugu abiria. Pilau la nyumbani litakungoja.

Kwa wasafiri wa Reli, tangu mwaka 2024 treni ya umeme imekuwa ikitoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, na Kilosa ina stesheni yake. Kurudi nyumbani kumekuwa rahisi kuliko zamani. Urahisi huo usitufanye tuje nyumbani kwa kula tu na kuondoka. Kijana wa mjini afikapo kwao, mgeni siku mbili, siku ya tatu ashike jembe.

MIZANI YA KAZI NA MAPUMZIKO

Asije mtu akadhani kwamba tunaipinga furaha. La, hasha. Mwili hauna budi kupumzika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 28, na humtaka mwajiri amlipe maradufu yule anayefanya kazi siku ya sikukuu ya umma. Sheria hiyo yatambua kwamba mapumziko ni haki, si zawadi. Muuguzi aliye zamu usiku wa Krismasi, askari wa wanyama aliye porini Mikumi, dereva, mtu wa reli, mfanyakazi wa hoteli: hao hawali sikukuu pamoja nasi ili sisi tule salama. Mwajiri asiyewalipa haki yao amekula sikukuu kwa jasho la mwenziwe, na viongozi wa wafanyakazi wasinyamaze.

Tena kuna mfanyakazi mmoja asiye na sheria ya likizo, naye ni mama wa nyumbani. Siku ya sikukuu yeye huamka kabla ya jogoo na hulala baada ya wote. Wanaume hukaa kivulini wakizungumza siasa, watoto hucheza, naye yu motoni. Mizani ya namna hiyo imelala upande mmoja. Kuchota maji na kupasua kuni havimwondolei mwanamume heshima. Ikiwa sikukuu ni ya nyumba nzima, kazi yake nayo iwe ya nyumba nzima.

Kilosa ni wilaya ya dini zote mbili. Idd hufuata mwandamo wa mwezi, huzunguka mwaka mzima. Krismasi haiondoki Desemba. Lakini kwa kuwa shule zimefungwa na ndugu wamekusanyika, Waislamu na Wakristo huumaliza mwaka pamoja, wakipelekeana sahani. Na wote wawili wanayo habari ya Nabii Yusufu, aliyeweka nafaka ya Misri katika miaka ya shibe kwa ajili ya miaka ya njaa. Hatuna haja ya mwalimu mwingine.

YAFANYIKE NINI?

Twapendekeza kila nyumba itenge jioni moja kabla ya tarehe 25 Desemba. Redio izimwe, simu ziwekwe kando. Baba, mama na watoto wenye akili wakae pamoja na daftari moja. Waandike: chakula kilichopo na miezi iliyobaki, fedha iliyopo na siku zilizobaki, tunaowadai na wanaotudai, tuliokosana nao, na jambo moja, moja tu, tutakalolikamilisha katika mwaka ujao. Watoto wawepo, kwa sababu mtoto aliyeiona hesabu hatalilia kiatu cha pili.

Twapendekeza kila kijiji kilichoko kando ya Mkondoa na vijito vyake kitenge siku moja ya kazi ya pamoja. Mifereji izibuliwe, matuta yakaguliwe, na penye ufa watu wa serikali waarifiwe upesi, kwa barua na si kwa maneno. Wanaolima mpaka ukingoni mwa mto waambiwe ukweli na majirani zao: udongo anaoulegeza mmoja juu ndio unaokijaza kitanda cha mto huku chini, na mto uliojaa mchanga hutafuta njia nyingine, nayo hupita sebuleni mwa mtu.

Baada ya hayo, watu wale. Wale washibe, waimbe, wacheze ngoma, wawatembelee wagonjwa na wajane, wamkumbuke jirani aliyefiwa. Chakula cha mtu aliyekwisha hesabu ghala lake kina ladha ambayo mwenye deni la siri haijui.

Mzee wa Kimamba alipotusindikiza hata njiani, mvua ilikuwa inaanza. Tulimwambia tunamtakia heri ya Mwaka Mpya. Akacheka, akalitazama wingu lililokuwa juu ya Rubeho, akasema: "Asanteni, wanangu. Nanyi pia. Mimi mwaka wangu nimekwisha ufunga. Sasa nangoja huo mwingine uje." Kisha akarudi kuliinua gunia la kamba nyekundu juu ya uchaga.

Nasi twawatakia wasomaji wetu wote, wa Kilosa na Mikumi na wa kila pembe ya nchi yetu, waweze kusema maneno hayo hayo kwa ukweli ule ule kabla ya jua la tarehe 31 Desemba kutua.